Mgongo wa Mwantumu

Msibishe: zama hizo mtu aliyemo ndani ya filamu alikuwa hafi pamoja na mwili wake. Aliendelea kuishi humo ukutani, akitenda alichokuwa akitenda, mpaka mpigapicha wake aseme, "Kata." Hapo aliyemo filamuni hugeuka, hutabasamu, na picha huzimika moja kwa moja.

Mzee Semkiwa wa Tanga aliigiza bawabu, maiti na jirani mbea, na filamu zisipomhitaji mbele alishika kamera nyuma. Marehemu mkewe, Mwantumu, mzee alimpiga picha ya filamu mara moja tu, mwanamke akikuna nazi. "Usitazame kamera," alimwamrisha, kama ilivyo ada ya kazi. Mwantumu akampa mgongo; basi kila asubuhi mzee alikunywa chai mbele ya mgongo huo ukutani.

"Baba Zuhura, umezeeka?" mgongo uliuliza.

"Nizeeke mimi? Nywele nyeusi tii, na wajane wa mtaa huu wananigombea."

"Muongo wee." Mabega yakatikisika kwa kicheko, kisha yakashuka. "Nimechoka, bwana. Nazi hii haiishi. Si ulitamke tu lile neno?"

"Nikilitamka utaondoka."

"Lakini utaniona uso."

Uso huo alikwisha kuusahau, wala hakuwahi kumwambia mtu. Mbuzi ya kukunia nazi iliendelea kukwaruza, polepole kuliko jana.

Mzee akaweka kikombe chini, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Baba Zuhura," mgongo ukaita, "bado upo?"

Mzee akavikaza viganja mdomoni.