Upepo Unaovuja

"Bado unavuja," alisema Fundi Upepo, akalaza tena sikio chini ya behewa la mwisho.

Treni ya kutoka Mwanza kwenda Tabora ilikuwa imekwama Shinyanga tangu saa tatu asubuhi. Breki zilikosa upepo. Fundi alipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, akakuta bomba moja la mpira limepasuka, akalibadilisha. Kazi ingeishia hapo.

"Mshale wa kipimo umesimama palepale," Pantaleo, dereva, alimwambia. "Upepo umeshika. Tuondoke, mzee. Humo ndani mna mgonjwa wa kifua, vumbi la migodi ya Nyarugusu limemmaliza. Lazima awahi hospitali Tabora."

"Ndiyo maana sitaki breki zimwangushe njiani."

Mzee alikuwa mbishi, na sikio lake lilisifiwa reli nzima. Stesheni yote ilimwita Fundi Upepo, naye aliitika kwa furaha. Nyumbani alikuwa na nyundo ya pili, mpya, aliyomwekea mwanawe siku atakaporudi. Alimkumbuka sana mwanawe.

Upande wa pili wa behewa, mwanamke alichungulia dirishani akamwita Akida, mpagazi.

"Kaka, samahani. Tunamtafuta mzee Ngassa. Tuliambiwa anafanya kazi hapa."

Akida alifikiri sana, maana hakupenda kumdanganya mtu. "Hapa hakuna Ngassa, dada."

Mwanamke alishukuru, akarudi kwa mgonjwa wake aliyelala sakafuni.

Fundi hakuyasikia hayo. Alikuwa uvunguni, akiufuatilia mlio mwembamba uliotoka juu yake: ssss, kimya kidogo, ssss. Akakaza nati. Mlio ukaendelea. Akakaza nyingine. Saa tano ikapita, Pantaleo akinung'unika pembeni.

Kisha mlio ukafifia, ukakoma.

Fundi alingoja, akasikiliza tena. Kimya. Akatoka uvunguni akifuta mikono, uso umechanua.

"Sikukwambia?" alimwambia Pantaleo, akainua nyundo agonge chuma mara tatu, ishara ya kuondoka.

Aligonga mara mbili. Ndani ya behewa mwanamke aliangua kilio.

"Theonest, usiniache. Tumefika kwa baba yako, Theonest, na Ngassa mwenyewe hatukumpata."

Nyundo ilimponyoka mzee.

"Ngassa ni mimi," alisema Fundi Upepo.