Kiti Kilichobaki Wazi Baraza la Juu

Tangu Baraza la Juu lijazwe marehemu, nchi nzima ililala usingizi mnono, maana maiti hahongeki. Rais hakuteua mtu tena. Wafu wenyewe, sauti zao zikiwa mitamboni, ndio waliopitisha sheria na kuchagua wenzao.

Tunu, mama yake Zawadi, alikuwa akikuna nazi, redio iko dirishani, alipomsikia mumewe Shekue, waliyemzika mwaka jana, akiitwa apendekeze mtu wa kiti kilichobaki wazi. Akatabasamu. Kikohozi kilikuwa kilekile.

"Mheshimiwa Spika, mimi hata harusini sikwenda bila mke wangu. Nampendekeza Mama Zawadi."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Ndiyo!"

Tunu akaiweka nazi chini.

"Lakini mama," mkwewe Rehani akanong'ona, "wewe si uko hai?"

"Zima redio, mwanangu. Funga na mlango."

Rehani hajaufikia mlango, gari likasimama nje. Mtu akabisha kwa adabu zote.

"Hodi wenyewe! Tumemfuata mheshimiwa."

Tunu, ambaye tangu utotoni hajapata kuiacha hodi bila jibu, neno likamponyoka:

"Karibuni."