Kadi ya Shaibu

"Hii ndiyo yenyewe, dada," alisema Hemedi, muuza gemu za mkononi, akichukua ile yenye kioo kipana kuliko zote. "Inacheza gemu zote za zamani."

Kabla Mwanakombo hajajibu, kadi ya memori aliyokuja nayo ilikuwa imeshachomekwa. Kioo kikauliza: Kadi haisomeki. Ifutwe? Hemedi alikuwa amezoea swali hilo. Kidole gumba chake kilishaanza kwenda kwenye "Ndiyo."

Mwanakombo akamdaka mkono. "We! Usiguse!"

"Si nitakujazia nyingine, dada? Gemu ninazo tele."

"Humo yumo marehemu kaka yangu."

Hemedi akaichomoa kadi taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Akaijaribu kwenye mashine ya pili, nayo ikauliza vilevile. Ikabaki moja kuukuu, vitufe vimelika, kioo kimekwaruzika. Hemedi akaichomeka kadi humo.

Muziki ukalia, uleule uliokuwa ukimkera sebuleni. Kisha jina likatokea: SHAIBU. Hatua ya tisa. Limebaki jaribio moja.

"Nachukua hii."

"Ijaribu kwanza. Hapa kwangu kitu hakitoki bila kujaribiwa. Bonyeza, uendelee alipoishia."

"Nikianguka je?"

Hemedi akakuna kidevu. "Inafuta, inaanza upya. Za zamani ndivyo zilivyo."

Mwanakombo akaweka kidole juu ya kitufe. Kwenye ukingo wa daraja lililokatika, kijitu chenye kofia ya njano kilikuwa kimempa mgongo, kinahema, kinasubiri kuambiwa kiruke.