Ulimi wa Bi Zamoyoni

Shahada ya uhandisi wa umeme, mkondo wa kompyuta, ilidai masomo arobaini, na Bi Zamoyoni alikuwa amebakiza moja tu: mtihani wa vitendo maabarani. Akifeli, anarudia mwaka. Mwenyewe alikuwa fundi redio wa miaka ishirini, na wenzake darasani rika la wanawe.

Mhadhiri Shekigenda akampa betri ndogo apime volti zake. Mita ilikuwa pale pale mezani. Bi Zamoyoni akailamba betri, kama mafundi redio wanavyoonja nguvu yake kwa ulimi.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Mama, hapa tunatumia mita," Shekigenda alimwambia kwa upole. "Nataka namba."

"Nisamehe, mwalimu. Mazoea yana tabu."

Akaandika saba na nusu, akakabidhi karatasi, akatoka ameinamisha uso. Mita hakuigusa.

Maabara ilipobaki tupu, Shekigenda aliipima betri mwenyewe. Mshale ukatulia kwenye saba na nusu.

Kanuni ilisema wazi: jibu lisilotoka kwenye mita ni sifuri. Aliishika kalamu nyekundu kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akachungulia mlangoni, akaiinua betri na kutoa ulimi.