Picha ya Askari

Kitwana, mwandishi wa vitabu, alitoka kibarazani kutazama tu maandamano ya kupinga vita. Kupiga kelele hakukuwa kazi yake. Mama mmoja akamkabidhi picha ya kijana aliyevaa sare. "Nishikie, baba, nijifunge khanga." Umati ukawatenganisha, naye akajikuta anatembea na waandamanaji, picha mkononi.

Watu wakaanza kumpa mkono. "Pole, mzee. Alikuwa mwanao wa ngapi?"

Kitwana hakuwahi kupata mtoto. Alitaka kueleza, lakini ni miaka mingi hakuna aliyemshika mkono hivyo. "Ni huyu huyu mmoja," akasema.

Jioni alimngoja yule mama kwenye uwanja maandamano yalipoishia mpaka wafagiaji wakamaliza, lakini hakutokea. Nyumbani akaiegemeza picha kwenye kiti cha pili, akamimina chai vikombe viwili, akakaa akisikiliza mlango.