Kuku Wazima wa Mzee Shemdoe

"Nife hapa nilipo kama naongopa," Mzee Shemdoe alimwapia afisa wa malisho. "Kuku wangu wanakula chakula chenu tu. Kinachowaokoa ni mchakamchaka. Nawakimbiza kila alfajiri, na jogoo ndiye anayeongoza wimbo."

Mwaka ule manjano, tangawizi na kila mmea unaopunguza sumu ya ukungu tumboni mwa kuku vilikuwa mali ya Mamlaka ya Malisho, na kumchanganyia kuku wako mimea hiyo bila kibali lilikuwa kosa. Kijiji kizima kililisha pumba za Mamlaka zilizoota ukungu. Mabanda yote yakabaki matupu, isipokuwa la Shemdoe.

"Hebu wakimbize basi, mzee wangu, nione," afisa alisema.

Shemdoe akapiga makofi. Kuku wote kumi na mmoja wakatimka moja kwa moja hadi kwenye kinu, wakaanza kudonoa unga wa manjano uliobaki ukingoni.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuku kuwa hai!" mzee alifoka. "Na hao waliokufa kwa majirani, umemkamata nani?"

Afisa akatangaza kuwa kuku hao sasa ni mali ya Mamlaka. Shemdoe akamkabidhi kuku wote, na palepale uani afisa akawamwagia chakula halali kutoka kwenye gunia la pumba za Mamlaka.

Hakuna aliyedonoa. Walimgeukia mzee, wakasubiri apige makofi.