Ruhusa ya Mzee Ngandu

Walipoanza kung'oa mihogo ya Salomé, mume wake alikuwa amekaa pale pale ukingoni mwa kijito, beseni lake mapajani, akiwatazama. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Vijana walisema ni uzee, macho yake hayavumilii jua.

Mzee Ngandu alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka ishirini na saba, na Kamina nzima ilimjua kwa kusema kidogo. Treni ingechelewa siku mbili, abiria wangemzonga, naye angejibu neno moja na kurudi ofisini. Kwa hiyo aliporudi kutoka hospitali Lubumbashi, mkono wa kulia umekufa ganzi, hakuna aliyemtegemea awe msemaji. Salomé aliwaeleza majirani habari za mkono. Zaidi ya hapo hakusema. Si mwanamke wa kuyatembeza ya nyumbani kwake mtaani.

Daktari alitaka mkono ule uzungushwe kila siku, na Mzee alikuwa na mchezo wake wa tangu zamani. Wastaafu wenzake hucheza dama. Yeye huchota mchanga wa kijito, hutia maji, huzungusha beseni taratibu mpaka mchanga mwepesi umwagike na ubaki ule mweusi, mzito. Hapo huinama kutafuta punje ya njano. Aione asiione, vyote hurudi majini. Ni starehe yake tu. Lakini jaribu kumwambia mtu wa Kamina ya leo kwamba kuna mzee anayeosha mchanga kwa starehe.

Kisha ikaja habari kwamba dada yake Salomé amefariki Kabongo. Hakuwa na budi kwenda matangani. Alimwacha mume wake mikononi mwa jirani, Phébé, amtazamie chakula, na akaliacha shamba lake la kando ya kijito, mihogo imekomaa, ikingoja arudi avune. Shamba hilo ndilo lililowalisha; jingine hawakuwa nalo.

Phébé alimhudumia kwa moyo. Siku ya kwanza alimpelekea bukari na sombe, ugali kwa kisamvu, akamuuliza kama chumvi inatosha. Mzee akasema, "Njo vile," yaani ndivyo, akala mpaka akamaliza. Phébé aliporudi nyumbani kuonja iliyobaki chunguni, alikuta hakutia chumvi hata chembe. Asubuhi nyingine alimuuliza kama amelala vizuri au mbu walimkesheza. "Njo vile," akajibu Mzee. Phébé alicheka njia nzima. Mkuu wa stesheni, alisema, anaitikia reli zote mbili.

Jessé, mchoma matofali, ndiye aliyepita kijitoni akaona kitu kinang'aa ndani ya beseni. Alichuchumaa kwa adabu.

"Papa, mu huyu muto kuko zahabu?"

"Njo vile," alijibu Mzee.

Jessé hakuwa mhuni. Aliimba kwaya, na hakutaka kesi na mtu. Alasiri ile ile alirudi na wenzake kumi na mmoja, na Phébé akaitwa awe shahidi. Akavua kofia.

"Papa, hii zahabu inatokaka mu shamba ya Mama. Unatupa ruhusa ya kuchimba? Bantu bote basikie."

Midomo ya Mzee ilihangaika kwa muda. "Njo vile," alisema. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaupitisha huku na huku juu ya shamba, tena na tena, mpaka ukachoka. Jessé alimshukuru kwa kuwaonyesha mipaka.

Walichimba siku tisa. Kila asubuhi Mzee alijikokota akasimama mbele ya majembe, na siku moja alikaa kabisa juu ya tuta, akakataa kuinuka. Walimbeba kwa uangalifu kama trei ya mayai, wakamkalisha kivulini, wakamrudishia beseni lake. Walimheshimu kweli. Hata shimo lilipofika maji na wengine wakataka kuacha, walimwendea kwanza kumuuliza kama waendelee. Aliitikia. Wakaendelea. Hawakupata kitu ila vijiwe vinavyong'aa bure, na kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Salomé alirudi siku ya kumi, mzigo kichwani. Alisimama mahali shamba lake lilipoanzia. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya njano, na miti ya mihogo imerundikwa pembeni, majani yamekauka. Alitua mzigo.

Jessé alivua kofia tena.

"Mama, hatukuiba. Tuliomba otorizasyo kwa Papa mwenyewe, mbele ya bantu. Aliitika."

Phébé, aliyekuwa amekuja mbio aliposikia mwenzake karudi, aliitikia kwa kichwa akitazama chini. Ni kweli, alisikia kwa masikio yake.

Salomé alipita katikati ya mashimo mpaka kwa mume wake, akachutama, akampangusa mashavu kwa ncha ya kitenge. Kisha akamshika kidevu na kumgeuza uso awaelekee wale vijana.

"Papa," alisema polepole, "baambie jina yako."

Mzee alimtazama mke wake. Akayatazama mashimo. Midomo ikahangaika, mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka.

"Njo vile," alisema.